Kukanda Miguu Baada ya CS: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Nimefanya kazi wodi ya wazazi hapa Kisumu miaka 19, na watoto wangu wawili wote walitolewa kwa kisu, yaani CS, upasuaji wa kujifungua. Mengi ya maswali haya nimeulizwa nikiwa nimesimama kando ya kitanda. Mengine niliyauliza mwenyewe nikiwa nimelala juu yake. Wanaouliza ni mama wa Nyalenda na Manyatta, wa Ahero na Katito, na wale wanaoshuka matatu kutoka Siaya na Vihiga wakiwa na barua ya rufaa mkononi. Siku hizi hata wa Nakuru wananipigia simu usiku. Nimeona heri niyaweke pahali pamoja.

Sista, kukanda miguu kunaondoa maumivu ya mshono kweli, ama ni maneno ya watu?

Kunapunguza, hakuondoi. Wauguzi wa Uturuki waliwahi kulinganisha wazazi wa CS waliokandwa miguu na mikono, waliokandwa miguu peke yake, na wale ambao hawakukandwa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliokandwa walisema maumivu yamepungua, na waliokandwa miguu pamoja na mikono walipata nafuu zaidi. Iran nao wamejaribu jambo hilohilo na jibu lao halikwenda mbali na hilo.

Ila tafiti hizi ni ndogo, na huwezi kumkanda mtu bila yeye kujua kwamba anakandwa. Kwa hiyo sehemu ya nafuu huenda inatokana tu na kuona kuna mtu amekaa chini kwa ajili yako. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo. Mzazi ambaye tangu asubuhi watu wamekuja kumwangalia mtoto, wakamsifu mtoto, wakambeba mtoto na kuondoka, ana haki ya nusu saa yake mwenyewe.

Nafuu yenyewe si ya siku nzima. Ninavyoiona wodini, hukaa saa moja, pengine moja na nusu, kisha mshono unajikumbusha tena. Lakini saa moja ikipangwa vizuri inatosha mtu kushikwa na usingizi.

Kidonda kiko tumboni. Mguu unaingilia wapi?

Mtoto akijigonga goti, wewe hufanya nini kabla hata hujafikiri? Unapasugua. Wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, mwaka 1965 walieleza kwa nini jambo hilo hufanya kazi: habari za maumivu zikifika kwenye uti wa mgongo hukuta kama lango, na habari za kuguswa, ambazo husafiri kwa kasi zaidi, zinaweza kulifunga lango hilo kiasi. Pia mwili unaokandwa hutulia: pumzi hushuka, mabega huachilia, na tumbo lililokuwa limekazwa kwa kuogopa maumivu hulegea. Mshono unaovutwa na tumbo lililokazwa huuma zaidi.

Sababu ya tatu ni ya kawaida sana. Mguu uko mbali na kidonda, na unaweza kuushika bila kumgeuza mama kitandani.

Wapo wanaosema wayo ni ramani ya mwili mzima, kwamba hapa pana figo, pale pana tumbo la uzazi, ukibonyeza hapa kule kunapona. Sijaona ushahidi wa ramani hiyo. Ukimkanda mama kwa kuifuata ama bila kuifuata, analala vilevile, kwa hiyo usimlipe mtu pesa za ziada kwa sababu anayo mchoro ukutani.

Nianze lini?

Wengi wetu tunapasuliwa kwa ganzi ya sindano ya mgongo, na miguu hubaki mizito kama magogo kwa saa 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Usikandwe wakati huo. Husikii, kwa hiyo huwezi kusema "hapo unaniumiza", na maji ya moto yanaweza kukuunguza ukiwa unatabasamu. Subiri hadi uweze kukunja magoti mwenyewe na kuhisi ncha za vidole.

Jioni ya siku ya kwanza inafaa kama umeamka vizuri. Siku ya pili ndiyo watu huihitaji zaidi, kwa maana dawa za thieta (chumba cha upasuaji) zimeisha na ndipo unajua umepasuliwa. Lakini sikiliza: kukandwa hakuchukui nafasi ya kutembea. Nesi akija kukuinua ndani ya saa 24 za kwanza, usimwambie umeshakandwa. Inuka. Jigeuze kwanza upande, shusha miguu, jisukume kwa mkono, mto ukiwa umeubana kwenye mshono.

Ni nani anafaa kunikanda? Mama mkwe ndiye amekuja na ninaona haya.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote.

Mila zetu za huku magharibi zinatufunga mikono kidogo. Kwa Waluo wengi na kwa Waluhya, mama aliyekuzaa hawezi kuja tu na kulala nyumbani kwa mkwe wake. Yule ambaye ungemnyooshea mguu bila kufikiria ndiye asiyeweza kukaa nawe wiki mbili. Anayekuja ni mama wa mume, mtu unayempikia na kumpa kiti, na sasa ati apige magoti akushike nyayo! Najua wazazi ambao walikataa kabisa, wakalala na maumivu yao kwa heshima. Najua pia mama wakwe waliochukua mafuta bila kuombwa na kusema, "Lete mguu, mimi pia nilizaa." Huwezi kujua uko na yupi hadi ajitokeze mwenyewe. Kama haya imezidi, mpe mikono. Kukandwa viganja na vidole vya mikono hakumwaibishi mtu, na kunasaidia vilevile.

Wifi anafaa sana. Dada yako anafaa. Jirani mwanamke aliyezaa mwaka mmoja na wewe anafaa.

Na baba wa mtoto. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mzazi wodini, mumewe ni mwendeshaji bodaboda wa Kondele. Kila saa ya wageni alifika na themosi ya uji wa wimbi, akaiweka juu ya kabati, akasimama kwenye ncha ya kitanda akishika helmeti kwa mikono miwili, asijue la kusema. Siku ya pili nikamwambia, "Baba, weka hiyo kofia chini ushike mguu wa mama." Wodi nzima ikacheka. Akaona haya, lakini akashika. Mkewe alilala kabla hajafika mguu wa pili. Kesho yake nilipopita, vitanda vitatu vilikuwa na wanaume wameinama, na mmoja wao alikuwa ananiuliza kama mafuta ya kupikia yanafaa.

Inafanywaje hasa?

Mlaze mama chali, mgongo umeinuliwa kwa mito miwili, na blanketi iliyokunjwa iwe chini ya magoti. Magoti yakikunjika kidogo tumbo linalegea, na mara nyingi anashusha pumzi hapo hapo, kabla hujamgusa. (Ukimaliza, itoe blanketi hiyo. Asilale nayo usiku kucha, damu ya miguuni inataka njia iliyo wazi.)

Nawa mikono. Kata kucha, vua pete. Pasha mafuta kwenye viganja vyako kwanza, kwa maana mkono baridi humshtua, akishtuka tumbo linajikaza, na tumbo likijikaza utalaumiwa wewe. Shika wayo mmoja kwa mikono yote miwili na utulie tu, pumzi tano ama sita. Watu hurukia kusugua kama wanaosafisha sufuria, haina haraka.

Halafu tumia vidole gumba vyako. Anzia kisigino, panda polepole katikati ya wayo hadi chini ya vidole, rudi tena kwenye kisigino ushike mstari mwingine. Pale penye nyama chini ya kidole kikubwa zungusha kama unayefuta doa. Kila kidole kikamate kwenye shina, kivute kidogo ukielekea ncha, ukiachie. Juu ya mguu pitisha gumba kwenye mifereji iliyo kati ya mifupa, ukitoka vidoleni kwenda kwenye kifundo. Mwisho shika kisigino kwa mkono mmoja na uuzungushe mguu polepole, mara 5 kulia, mara 5 kushoto, kisha umwambie mwenyewe auvute juu na kuusukuma chini mara 10. Huko kuvuta na kusukuma ndiko kunakosukuma damu, kwa hiyo usikuruke hata kama amechoka.

Nguvu? Iwe ya kubonyeza, si ya kupapasa. Ukimpapasa utamtekenya, na kumtekenya mama wa CS ni ukatili. Kicheko ndicho kitu kinachouma kuliko vyote wiki ya kwanza. Lakini pia usibonyeze hadi akunje uso. Angalia uso wake, si mguu.

Dakika 10 kila mguu zinatosha. Ukifika kwenye kifundo, simama. Usipande shavu la mguu. Nitaeleza kwa nini hapa chini, na ni jambo ninalotaka ulisome hata ukiacha mengine.

Ukimaliza futa mafuta yote. Sakafu ya simiti, nyayo zenye mafuta na mzazi anayekimbilia choo usiku: nimeshashona mshono wa pili kwa sababu hiyo.

Mafuta gani?

Yoyote ambayo ungempaka mtoto. Nazi, simsim, alizeti ya jikoni, ama yale ya mgando ya kujipaka. Yule mwanaume aliyeniuliza wodini nilimjibu ndiyo, mafuta ya kupikia yanafaa, mradi hayajakaangiwa samaki.

Acha dawa za kuchua zenye harufu kali ya kafuri, zile za wachezaji mpira na za mafua. Utamshika mtoto muda si mrefu, na kafuri si kitu cha kukaribisha kwenye pua ya mtoto mchanga.

Miguu yangu imevimba kuliko wakati wa mimba. Nikandwe ama niende hospitali?

Inategemea ni miguu ama ni mguu.

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa siku za kwanza, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, haiumi, na wewe mwenyewe huna shida nyingine, mara nyingi ni maji. Ulikuwa na maji ya mimba mwilini, na thietani ukaongezewa ya dripu. Huisha yenyewe kwa wiki moja ama mbili unapokojoa na kutokwa jasho. Kukandwa wayo hapo ni sawa, kuinua miguu juu ya mto ni sawa, kutembea ni bora zaidi. Viatu vya mumeo vitakutosha kwa sasa.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, shavu lake linauma hasa ukikanyaga, limepata joto ama limebadilika rangi, usiuguse. Usiukande, usiuchue, usiupake chochote. Mwanamke akiwa mjamzito damu yake huganda upesi kuliko kawaida. Ndivyo Mungu alivyomkinga asitokwe na damu nyingi anapozaa. Hali hiyo haiondoki siku ya kujifungua, hubaki wiki 6 hivi, na aliyepasuliwa yuko hatarini kuliko aliyezaa kawaida, kwa maana amelala zaidi. Damu ikiganda kwenye mshipa wa ndani wa shavu la mguu, mara nyingi mguu wa kushoto, kipande chake kinaweza kung'oka. Kikisafiri kinafika mapafuni. Mtu anayesugua shavu hilo kwa nia njema ndiye anayekisaidia kung'oka.

Ndiyo maana ninasema kifundo ndicho mpaka wetu. Hata kama mguu unaonekana mzima, mimi sipandi juu ya kifundo wiki hizi za kwanza. Faida yote unayoitafuta iko kwenye wayo.

Na mama akianza kuhema ghafla, kifua kikachoma anapovuta pumzi, ama akakohoa damu, usisubiri matatu ijae. Kodisha gari, beba kitabu cha kliniki, nenda.

Kuna mtu mwingine asiyefaa kukandwa?

Mwenye kidonda mguuni, funza, ama ukungu unaochubuka kati ya vidole, hadi kwanza utibiwe. Magaga si tatizo, hayo yanapenda mafuta. Mwenye kisukari kilichomfanya asihisi nyayo vizuri, akandwe kwa mkono mwepesi na bila maji moto. Mwenye homa, atafutiwe homa imetoka wapi.

Hapo niongeze neno. Kanda yetu ya ziwa ina malaria, na tumezoea kila joto la mwili kulipa jina hilo. Mzazi wa CS mwenye joto apimwe malaria, sawa, lakini aangaliwe pia mshono, maziwa na tumbo la uzazi. Nimemwona mama aliyemeza dawa za malaria siku 3 nyumbani huku mshono unatoa usaha chini ya leso.

Na presha. Mama akiumwa kichwa kikali kisichosikia dawa, akiona nyotanyota ama ukungu machoni, akiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, uso umejaa, huyo si wa kukandwa. Presha ya mimba inaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, hadi wiki 6, na ndiyo inayoleta kifafa. Apimwe siku hiyo hiyo. Ikifika 140 kwa 90 daktari anataka kujua. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura.

Nikikandwa naweza kuacha tembe?

Hapana. Huu ujasiri wa kukataa dawa huwa siuelewi. Mama anayeumwa hageuki, hatembei, hapumui kwa kina, na mtoto ananyonya vibaya kwa maana hashikwi vizuri.

Kawaida ni paracetamol gramu 1, yaani tembe 2 za miligramu 500, kila baada ya saa 6, zisizidi tembe 8 kwa saa 24. Wengi huongezewa ibuprofen miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, isipokuwa uwe na vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo au daktari amekukataza kwa sababu ya presha. Zote mbili ni salama kwa anayenyonyesha. Kama umepewa diclofenac, usiongeze ibuprofen juu yake, ni ndugu wa tumbo moja. Tramadol na codeine usinunue mwenyewe kwenye kemisti. Hupita kwenye maziwa na zinaweza kumlaza mtoto usingizi ambao si mzuri.

Nikandwe saa ngapi ili nilale? Mtoto mwenyewe halali.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo usingizi wa saa nane mfululizo usahau kwa sasa. Tunachotafuta ni kipande kimoja cha saa 2 ama 3 kilicho kizito.

Taiwan waliwachukua wazazi waliokuwa wanalalamika kukosa usingizi, wakawakanda nyayo nusu saa kila jioni, saa ileile, kwa siku 5 mfululizo. Utafiti ulichapishwa mwaka 2011, na waliokandwa walilala vizuri kuliko wenzao. Mimi ninachokiokota hapo ni ile "saa ileile". Kukandwa leo saa mbili, kesho mchana, keshokutwa hakuna, hakuujengei mwili mazoea.

Ninawapa mama maneno manne: dawa, ziwa, miguu, taa. Meza tembe. Mnyonyeshe mtoto (ziwa la mama, si Lolwe, Ziwa Viktoria letu), itachukua nusu saa hivi, na wakati huo dawa inaanza kushika. Mtu mwingine amchukue mtoto amcheulishe. Wewe ukandwe. Kisha taa izimwe, simu iende chumba kingine, neti ishushwe. Tukikosea mpangilio, tukaanza na miguu halafu ziwa, mama anakuwa amelegea vizuri kabisa ndipo mtoto anaanza kulia, na hapo kazi yote imemwagika.

Wageni waondoke kabla ya hapo. Chai ya rangi iliyochemka hadi nyeusi saa tatu usiku nayo iondoke.

Karai la maji moto linasaidia?

Miguu yenye joto huleta usingizi upesi; wataalamu wa Uswisi waliandika hivyo mwaka 1999. Lakini Nakuru si Kisumu. Kule Nakuru, mwezi wa saba, karai la maji vuguvugu dakika 10 na soksi baadaye ni dawa tosha, na wakati mwingine sijui kwa nini wanahitaji simu yangu. Hapa Kisumu usiku wa Februari, nyumba ya mabati, jasho linatiririka, ukimletea mzazi maji moto atakufukuza. Kwetu maji ya kawaida ya kuosha vumbi yanatosha, halafu mafuta.

Popote ulipo, pima maji kwa kiwiko kama ya mtoto, na mama akae kwenye kiti chenye mgongo. Asichuchumae.

Nyanya anataka kunikanda tumbo kwa kitambaa cha maji moto, anasema damu chafu itoke.

Iwe ni dani, kukhu ama shosho, mwambie kwa heshima kwamba hilo lilikuwa la waliozaa kawaida, na hata kwao daktari angekuwa na la kusema. Wewe una nyuzi tabaka kadhaa, si ngozi tu. Joto na kubonyezwa vinaweza kuchoma ngozi ambayo bado imekufa ganzi, na kufungua kidonda. Damu inatoka yenyewe, na mtoto anaponyonya tumbo la uzazi linajikaza na kuisukuma.

Usimwachie hivyo tu, lakini. Alikuja na mikono inayotaka kazi. Mpe nyayo.

Naweza kukandwa nikiwa nanyonyesha?

Unaweza, na maziwa hushuka vizuri mama akiwa ametulia. Ila usishangae tumbo likikukata kama la hedhi wakati huo. Ni chango la uzazi, linatokana na kunyonyesha, wala si mguu uliobonyezwa vibaya. Kwa mtoto wa pili na wa tatu huwa kali zaidi.

Kichwa kinaniuma nikikaa, nikilala kinaisha. Nikandwe?

Hicho ni kichwa cha sindano ya mgongo. Rudi ulikopasuliwa uwaambie maneno hayo hayo, "nikikaa kinauma, nikilala kinaisha". Wataelewa mara moja.

Sina mtu. Niko na mtoto na dada wa kazi wa miaka kumi na tisa anayeogopa kunigusa.

Usijaribu kuinama kufikia miguu yako, mshono hautakubali, na kukunja mguu juu ya goti lingine usubiri kidogo. Kaa kwenye kiti, weka chupa ya plastiki iliyojaa maji sakafuni juu ya leso iliyokunjwa, uiviringishe chini ya wayo kutoka kisigino hadi vidole. Mpira wa watoto pia unafaa. Mama mmoja wa Maseno alinionyesha gunzi la mahindi lililofungwa kwa kitambaa, nikalijaribu, na ninakiri lilizidi vyote. Chochote utakachotumia, kiondoe njiani kabla hujasimama.

Na huyo dada, mwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe kwanza. Mkande kiganja dakika mbili ajue nguvu unayoitaka. Uoga unaisha hapo.

Nimekandwa, mtoto amelala, nyumba imetulia, na bado macho ni wazi hadi alfajiri.

Usiku mmoja ama miwili, ni mwili uliozoea kuamka. Machozi ya ghafla kati ya siku ya 3 na ya 10 pia huwapata wengi, yanapita. Lakini kutoweza kulala hata ukipata nafasi, huzuni inayozidi wiki 2, kutomtaka mtoto, ama mawazo kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, hayo hayana mafuta. Mwambie mtu leo, na uende kliniki ya mama na mtoto bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ama jamaa wakaona umebadilika kabisa, ni hospitali usiku huo huo.

Niendelee kwa muda gani?

Wiki 2 za kwanza kila jioni, kama yupo wa kukukanda. Baadaye maumivu yanapungua na swali linajijibu. Baada ya wiki 6, ukishaonwa kliniki na kila kitu kiko sawa, unaweza hata kukandwa shavu la mguu.

Mume wangu anasema mikono inamchoka baada ya dakika tano.

Anabonyeza kwa vidole badala ya kuegemeza uzito wa mwili. Avute kiti kifupi, akae kwenye ncha ya kitanda, viwiko avipumzishe juu ya mapaja yake, ndipo asukume gumba. Akisema bado anachoka, muulize mtoto aliyebebwa miezi tisa alikuwa na kilo ngapi.